Sifongo, konyeza, kiti cha pweza au konokono: mwanafunzi wa Mombasa aanze na kundi lipi?

Mtaala wa 8-4-4 ulipofika kwenye uainishaji wa wanyama katika kidato cha tatu, ulichambua faila (makundi makuu ya wanyama) mbili tu kwa kina: arthropoda, yaani wadudu, buibui na jamaa zao, na kodata, ambamo wamo wenye uti wa mgongo. Mwanafunzi wa Nyali au Likoni alihesabu miguu ya panzi, tandu na buibui, akakariri tofauti ya samaki na chura, kisha akafanya mtihani wake na kuondoka shuleni bila kuulizwa lolote kuhusu wanyama wanaobaki wazi mbele ya mwamba kila maji yanapokupwa. Jambo hilo limenikera kwa muda mrefu, kwa sababu watu wa bara husafiri siku nzima kuja kuona walichonacho watoto wa hapa bure.

Ulinganisho huu ni wa anayetaka kuziba pengo hilo: mlezi wa chama cha mazingira shuleni, mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya mradi, au mzazi mwenye watoto wadadisi. Nimepima makundi matano ya wanyama wasio na uti wa mgongo: sifongo, knidaria (yaani konyeza, matumbawe na jamaa zao), minyoo, moluska (konokono, chaza, pweza na jamaa zao) na ekinodemu (kiti cha pweza, urchini na jamaa zao). Arthropoda nimewaacha nje. Si wanyama sahili, na darasani wamekwisha kupewa nafasi yao. Anayewataka aende Haller Park kule Bamburi, ambako miaka ya 1970 jongoo wa miguu myekundu waliletwa kwenye machimbo ya saruji ili wale majani makavu ya mivinje na kuyageuza udongo.

Kipimo changu kikubwa ni hiki: alama ambayo mtaalamu huitumia kumweka mnyama katika ngeli yake (kundi dogo ndani ya faila), je, wewe unaweza kuiona kwa macho na vifaa ulivyo navyo? Kama huwezi, utakuwa unakariri majina tu, na kukariri kunafanyika hata Nakuru. Baada ya hapo ndipo nauliza kama mnyama anafikika kwa miguu, kama ana hatari, na kama sheria inakuruhusu kumgusa.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: wengi waanze na ekinodemu. Mwenye miwani ya kuogelea na subira achukue knidaria. Asiyeweza kuingia baharini achukue moluska. Sifongo ni wa mwenye hadubini, na minyoo ni ya chuo. Sababu zinafuata, na si zote zina uzito sawa.

Sifongo na knidaria: usahili wa kweli

Ukitaka kuelewa mnyama anaweza kupungukiwa na viungo kiasi gani na bado akaitwa mnyama, hawa wawili ndio wa kuwaweka bega kwa bega.

Sifongo hana kinywa, hana tumbo, hana misuli wala neva. Maji huingia kwa vitundu vidogo vilivyotapakaa mwilini, seli zenye mkia mwembamba huyasukuma ndani kwa ndani, chembe za chakula hunaswa, kisha maji hutoka kwa tundu kubwa zaidi. Wasomi wa zamani walibishana sana kama huyu ni mmea au mnyama, hadi Robert Grant, Mskoti, alipoionyesha mikondo hiyo katika miaka ya 1820. Mikondo hiyo unaweza kuiona mwenyewe bila kumdhuru mnyama: chukua bomba la sindano lisilo na sindano, litie maji ya bahari yaliyotiwa rangi ya chakula, achilia kidogo kando ya sifongo aliye hai ndani ya kidimbwi, usubiri. Rangi itazama ubavuni na kuibukia kwenye tundu la juu. Sijaona mtoto aliyelitazama hilo halafu akaendelea kusema sifongo ni mmea.

Knidaria amepiga hatua. Ana tabaka mbili za seli na kati yake utando wa utelezi, ana mtandao wa neva, ana misuli ya kujikunja, na ana kinywa, ingawa kinywa hicho ndicho pia njia ya kutolea uchafu. Juu ya yote ana seli za kuwasha, ambazo ndizo muhuri wa faila nzima. Kila seli ina kifuko chenye uzi uliokunjwa ambao hufyatuka ukiguswa. Muhuri huo ndio uliowarudisha nyumbani miksozoa, vimelea vidogo vya samaki ambao kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa protozoa: vifuko vyao vilifanana mno na vya konyeza, na uchunguzi wa DNA ukathibitisha kwamba ni knidaria waliopoteza karibu kila kitu kingine.

Hadi hapo wanalingana kwa utamu. Tofauti inakuja ukitaka kuainisha.

Sifongo waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni zaidi ya 9,000, nao wamegawanywa katika ngeli nne. Shida ni kwamba ngeli moja, demospongia, imebeba zaidi ya asilimia 80 ya spishi zote, na ngeli ya sifongo wa kioo huishi hasa kwenye kina kirefu usikoweza kufika. Kwa hiyo utaokota kwa macho sifongo mwekundu, mweusi, wa manjano, wa kutambaa juu ya jiwe na wa kusimama, ukifurahia wingi wa aina, kumbe karibu wote ni ngeli moja. Rangi na umbo havikusaidii. Spishi ileile hukaa bapa pale mawimbi yanapopiga na kuinuka pale maji yalipotulia. Mtaalamu haangalii umbo, anaangalia spikuli, vijiti vidogo mno vya silika au chokaa vinavyoushikilia mwili.

Spikuli huonekana kwa njia ya jikoni. Kipande kidogo cha sifongo hutiwa kwenye jiki, nyama huyeyuka na vijiti hubaki chini. Ukivisafisha na kuvitonea siki, vya chokaa hutoa mapovu na kuyeyuka, vya silika havijali. Lakini soma hapa polepole: kati ya jiki na siki ni lazima usuuze kwa maji mengi mara kadhaa, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huua. Kazi hii ifanywe na mtu mzima, mahali penye hewa. Hata ukimaliza salama bado unahitaji hadubini, na kipande chenyewe hukiruhusiwi kukikata ndani ya hifadhi. Baadhi ya sifongo pia huwasha ngozi, na wengine, wale wa jamii ya sifongo wa kuogea, hawana spikuli kabisa. Kwa shule yenye maabara, mradi mzuri. Kwa chama cha Jumamosi, hapana.

Knidaria anakupa kitu cha kuhesabu. Polipu (mnyama mmoja mmoja wa tumbawe) yenye minyiri minane, kila mnyiri ukiwa na vijinywele pembeni, ni ya kundi la oktokorali, wenye matumbawe laini yanayofanana na ngozi ukiyagusa. Minyiri sita au mafungu ya sita ni ya heksakorali: anemoni na matumbawe magumu yanayojenga mwamba. Matumbawe laini mara nyingi huacha polipu wazi hata mchana, na ukiwa na miwani ya kuogelea unazihesabu bila kugusa. Matumbawe magumu mengi hujifungua usiku, na hapo ndipo subira inapohitajika.

Raha ya kundi hili ni namna linavyokukomesha kuamini macho. Ufuoni Mombasa huokotwa vipande vyekundu vya vijineli vilivyopangwa wima, vigumu kabisa. Kila mgeni husema ni tumbawe gumu. Jina lake ni Tubipora musica, na akiwa hai polipu zake zina minyiri minane, kwa hiyo ni oktokorali aliyejijengea nyumba ya mawe. Kinyume chake, lile tumbawe la rangi ya haradali linalochoma mkono wa mvuvi, Millepora, si tumbawe la kweli hata kidogo. Ni haidrozoa, ngeli nyingine ya knidaria, jamaa wa karibu zaidi na yule wa kibofu cha buluu anayeletwa ufuoni na upepo. Huyo wa kibofu naye si konyeza bali ni kundi la wanyama wengi walioshikana na kugawana kazi, mmoja kuelea, mwingine kula, mwingine kuzaa.

Kwa hiyo kati ya hawa wawili, knidaria anashinda kwa mbali. Udhaifu wake ni sumu na sheria. Wote huwasha kwa kiasi fulani, konyeza wa umbo la sanduku ni wa kuogopwa kikweli, na matumbawe magumu pamoja na Tubipora na Millepora yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe, hivyo usiweke kipande kwenye begi la mgeni anayerudi Ulaya. Pia mwamba wetu ni mgonjwa aliyenusurika. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na vipindi vya joto vimerudi tangu hapo. Kusimama juu ya tumbawe ili uhesabu minyiri ni kuua unachokihesabu.

Minyoo: nitapita haraka

Minyoo ni faila kadhaa zinazofanana kwa umbo tu. Minyoo bapa haina uwazi kati ya utumbo na ukuta wa mwili, minyoo mviringo ina uwazi usiokamilika, minyoo ya pingili ina uwazi kamili uliogawanyika chumba kwa chumba. Tofauti hizo ndizo zilizokuwa uti wa uainishaji wa karne ya 20, na zote zimo ndani ya mwili. Utazionaje bila kupasua? Pingili na vinywele vya mnyoo wa chambo unaviona, ni kweli, na mnyoo bapa wa baharini mwenye rangi za kung'aa chini ya jiwe ni kitu cha kupendeza. Lakini matope ya mikoko ya Tudor, ambayo ndiyo makao mazuri ya minyoo karibu na mji, hupokea maji taka ya mitaa ya jirani, na mimi siwezi kumshauri mzazi apeleke watoto wakachimbe hapo.

Mwenye kupendelea afya ya jamii ana sababu nzuri ya kuchagua minyoo hata hivyo. Kichocho huletwa na mnyoo bapa anayehitaji konokono wa maji baridi ili akamilishe maisha yake, na Kwale ni jirani yetu. Hiyo ni kazi ya slaidi zilizoandaliwa, mwalimu mwenye ujuzi na chumba chenye meza. Ni mradi wa chuo.

Moluska na ekinodemu: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Moluska wanaanza na faida ambayo hakuna kundi jingine linayo: huhitaji bahari. Nenda kwenye soko la samaki asubuhi utamkuta pweza na ngisi. Tazama uchafu uliobaki nyuma ya mkahawa wa ufuoni utapata maganda ya chaza. Kwenye mwamba wa chini ya bustani ya Mama Ngina, bila kulowa hata goti, utamwona mnyama bapa aliyeng'ang'ania jiwe, mwenye mabamba manane mgongoni. Huyo ni kitoni. Kwa matembezi mafupi umepata ngeli nne: pweza na ngisi katika sefalopodi, chaza katika wenye maganda mawili, kitoni katika yake, na konokono wa kila namna katika gastropodi. Katika msimu wa masika, bahari inapochafuka na mvua kutwanga, kundi hili halikupotezei wikendi.

Moluska waliotajwa na sayansi ni zaidi ya 70,000, na tofauti zao zinashangaza. Chaza hana hata kichwa, anachuja maji siku nzima mahali pamoja. Pweza ana mioyo mitatu, macho makali na akili ya kuwakwepa wavuvi. Hata yule anayetoboa mbao za majahazi, ambaye manahodha humwita mnyoo, ni ndugu wa chaza: ukimtoa kwenye tundu lake utaona maganda mawili madogo kichwani, ndiyo anayochongea mbao.

Lakini hapo hapo ndipo ninapositasita. Ukimwonyesha mwanafunzi anayeanza pweza na chaza, ukamwambia ni faila moja, lazima umpe ushahidi, na ushahidi wenyewe ni joho (ngozi inayofunika viungo vya ndani na kutengeneza ganda) pamoja na mguu wa nyama. Kwa pweza mguu umegeuka minyiri na ganda limetoweka. Kwa chaza mguu umekwisha kabisa. Utajikuta unamwomba mtoto akuamini. Isitoshe, wengi huishia kukusanya makome matupu na kuyapanga kwa rangi, na kome si mnyama. Mara nyingi aliye ndani ni kaa mwenye kuazima nyumba, ambaye ni arthropoda.

Kuna na hatari. Konokono wenye umbo la koni, hasa Conus geographus, wana jino lenye sumu ambalo limewahi kuua watu, na wanapatikana katika bahari yetu. Sheria yangu ni fupi: kome lenye umbo la koni haliokotwi, liwe zuri namna gani. Makome ya kuuzwa kandokando ya barabara usinunue pia. Yanayong'aa vile hayakuokotwa yakiwa matupu, mnyama alitolewa akiwa hai.

Sasa ekinodemu. Spishi zilizo hai ni takriban 7,000, ngeli ni tano, na zote tano zipo kwenye mwamba wetu: viti vya pweza, nyota wa mikono myembamba, urchini wenye miiba, majongoo bahari, na nyota wa manyoya. Wanatembea polepole au hawatembei. Ni wakubwa kiasi cha kuonekana bila lenzi. Hawapatikani kwenye maji baridi wala nchi kavu, popote duniani, kwa hiyo huyu ni mnyama ambaye mtoto wa Mombasa anamzidi mtoto wa Nairobi bila kujitahidi.

La muhimu zaidi, alama ya faila nzima ni ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwili wa ekinodemu mzima umegawanyika mara tano, na hutembea au hushika kwa vijiguu laini vinavyoendeshwa na mfumo wa mabomba ya maji. Kwa kiti cha pweza, yule mwekundu mwenye vinundu anayekaa kwenye nyasi bahari, tano iko wazi. Raha inaanza pale isipokuwa wazi.

Chukua Culcita. Hana mikono, ni wa duara, amevimba kama boflo. Mwanafunzi atasema si kiti cha pweza. Mwambie ainame amtazame kwa upande wa chini, kupitia maji: mifereji mitano yenye vijiguu inatoka kinywani. Kisha nenda kwa urchini mweusi mwenye miiba mirefu, Diadema setosum. Usimguse. Mtazame juu, katikati ya miiba, utaona madoa meupe. Yahesabu, ni matano. Ganda tupu la urchini aliyekufa lina safu za vitundu zilizopangwa mara tano, na yule bapa wa mchangani, ambaye ganda lake huletwa na mawimbi, amechorwa petali tano mgongoni. Jongoo bahari ndiye mtihani mkubwa. Anaonekana mnyoo mnene tu, mpaka umfikirie kama urchini aliyenyooshwa na kulazwa ubavu, ndipo unapotambua kwamba safu zake za vijiguu zinakimbia kutoka kinywani hadi nyuma, na kuna zaidi ya safu moja iliyobanwa upande wa chini. Halafu mmalizie kwa Synapta, yule mrefu wa kwenye nyasi bahari ambaye waogeleaji humkimbia wakidhani ni nyoka. Huyo hana vijiguu kabisa, ingawa ni jongoo bahari. Kwa nini bado yumo kwenye faila? Hapo umepata mjadala wa saa nzima, na mjadala huo ndio uainishaji wenyewe.

Nyota wa mikono myembamba anajificha chini ya mawe, nawe utamjua kwa mwendo: kiti cha pweza huteleza kwa vijiguu, huyu hupiga mikono kama anayeogelea, na mkono hukatika ukimshika. Nyota wa manyoya mchana hujibana kwenye nyufa, na ndiye mgumu zaidi kumpata kati ya wale watano. Chama ambacho kimewaona watano wote kina haki ya kujisifu.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba ekinodemu si sahili. Ni kweli. Ana tabaka tatu za seli, utumbo kamili, na ukoo wake uko karibu na wetu kuliko na wa konokono au mnyoo: katika kiinitete, tundu la kwanza huwa njia ya nyuma na kinywa hutokea baadaye, sawa na kwa binadamu. Lava wake, yaani wachanga wanaoelea majini, wana upande wa kulia na wa kushoto kama sisi, hiyo tano huja ukubwani. Mwenye mradi unaodai wanyama sahili kwa maana kali arudi kwa knidaria. Anayetaka kujifunza kuainisha asisumbuke na neno hilo.

Gharama ya kundi hili ni miiba na tamaa. Mwiba wa Diadema huvunjika ndani ya ngozi, kwa hiyo viatu vya mpira vyenye soli nene si anasa. Jongoo bahari hukaushwa na kupelekwa masoko ya Asia ya Mashariki, hasa Hong Kong na China, na spishi za bei ya juu zimepungua sana. Watoto wasimchezee, kwani baadhi akisumbuliwa hutoa nyuzi nyeupe za kunata, au hata viungo vyake vya ndani, na kuviotesha tena ni kazi kubwa. Kumtoa kiti cha pweza majini ili apigwe picha, mchezo unaouzwa kwa wageni kila siku, ni kumnyima hewa.

Mpangilio wa vitabu vya shule au mti wa DNA?

Ukishachagua kundi, kuna uchaguzi wa pili usioepukika: utawapanga kwa mfumo upi?

Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758 aliwagawa wanyama wote katika ngeli sita, nne kati ya hizo zikiwa za wenye uti wa mgongo, na karibu kila asiye mdudu miongoni mwa waliobaki akamtupa kwenye kapu moja aliloliita Vermes, yaani minyoo. Lamarck, Mfaransa, ndiye aliyelipasua kapu hilo na kuwapa wasio na uti wa mgongo hadhi yao. Kutoka hapo ukajengwa mpangilio wa ngazi ambao vitabu vingi bado vinautumia: wasio na tishu, wenye tabaka mbili, wenye tabaka tatu bila uwazi wa mwili, na kadhalika kupanda juu.

Mti wa DNA umevuruga ngazi hiyo. Mwaka 1997 watafiti walipendekeza kwamba arthropoda na minyoo mviringo ni ukoo mmoja, wa wanyama wanaojivua ngozi, wakati minyoo ya pingili, iliyodhaniwa kwa zaidi ya karne kuwa ndugu wa wadudu kwa sababu ya pingili, ikahamia upande wa moluska. Hata chini kabisa ya mti pana ugomvi. Vitabu vilimweka sifongo kama tawi la kwanza, lakini tangu 2008 baadhi ya tafiti, ikiwemo ya 2023 iliyolinganisha mpangilio wa jeni kwenye kromosomu, zinaliweka tawi la ktenofora mbele yake, wale wanaoelea wakiwa na safu nane za vitana vinavyometa. Wengine hawajakubali. Na kuna Trichoplax, bapa mdogo wa milimita chache aliyegunduliwa mwaka 1883 kwenye tangi la maji ya bahari kule Graz, Austria, asiye na kinywa, neva wala upande wa mbele, ambaye hata yeye si lazima awe wa kwanza. Huenda mababu zake walikuwa na viungo zaidi wakavipoteza.

Ushauri wangu: mkononi, ufuoni, tumia mpangilio wa zamani, kwa sababu umejengwa juu ya vitu vinavyoonekana. Katika daftari, unapoandika nani ni ndugu wa nani, tumia mti mpya. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani afuate kitabu chake bila ubishi. Wa chuo ambaye bado anapanda ngazi kutoka "duni" hadi "bora" amechelewa.

Uende wapi, na lini

Bamvua ndiyo inayoamua. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu maji ya Mombasa hukupwa sana, na kwa bahati yetu kupwa kwa bamvua huangukia karibu na saa nne au saa tano asubuhi, muda mzuri kwa watoto. Ingia maji yakiwa bado yanatoka, geuka mara yanapoanza kurudi. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, nenda Mama Ngina kwa moluska, usihangaike na mwamba.

Kwa knidaria, chagua Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani yake uvuvi umekatazwa, matumbawe ni mengi zaidi, unalipa kiingilio na huruhusiwi kuchukua chochote, hata kome tupu. Kwa urchini fanya kinyume: toka nje ya hifadhi. Watafiti waliofuatilia miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 walionyesha kwamba uvuvi ulipokoma hifadhini, kikande na samaki wengine walaji wa urchini waliongezeka, na urchini wakapungua. Pale samaki hao walipovuliwa kupita kiasi, kama Kanamai kaskazini mwa Mtwapa, urchini walijazana na kuukwangua mwamba. Kwa hiyo chama kinachoweza kufanya safari mbili, moja ndani na moja nje, kitapata ekinodemu na knidaria kwa pamoja, na data ya kulinganisha juu yake.

Beba ubao wa plastiki na penseli, maandishi ya penseli hayafutwi na maji. Jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa, upande uleule chini, maana waliokaa chini hawalivumilii jua. Usijisumbue kuandika jina la spishi katika safari za mwanzo. Andika faila, ngeli, na alama iliyokufanya uamue. Asiyekuwa na alama ya kuandika amwekee mnyama huyo alama ya kuuliza na kuendelea na mwingine.